Uzi: Nilivyomtafuta babu aliyezama na meli 1944, kwa simu, bando na mdomo wa shangazi

Mchimba Mizizi:

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kuna mdau aliuliza kama inawezekana kutafuta habari za ukoo mtandaoni bila kulipa hata shilingi. Nikamjibu kwa kifupi kwamba inawezekana, akasema eleza. Haya, naeleza. Uzi ni mrefu, mwenye chai aandae.

Mimi nimezaliwa Korogwe, mkonge kushoto, mkonge kulia. Ukiniuliza kabila nitakwambia Muha, ila Kasulu, kwao Waha kule Kigoma, nimeikanyaga mara ya kwanza nikiwa na miaka 34. Babu alikuja Tanga kama manamba. Kwa vijana wasiolijua neno hilo: walikuwa watu walioandikishwa kwa mkataba mikoani, wakapewa namba, wakapakiwa kwenye gari moshi kuja kukata mkonge. Kuanzia 1944 kazi ya kuwakusanya ilifanywa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Ukifika unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Usipokijaza, hela huioni.

Babu alikuwa na majina matatu. Moja la kwao, moja la shambani, na moja alilopata alipobatizwa. Na la kwao lenyewe halifanani na la baba yake wala la kaka yake, maana kwa Waha, kama kwa Warundi majirani zetu, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba na watoto watano, majina sita. Hapo ndipo programu nyingi za mti wa ukoo zinagonga mwamba: kitu cha kwanza zinachokuuliza ni jina la ukoo. Mimi niliacha wazi.

Sasa huyo kaka yake babu ndiye chanzo cha yote. Alikwenda Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakati wa Vita Kuu ya Pili na hakurudi. Nyumbani ilibaki sentensi moja tu: "Alikufa majini, alikuwa wa mizinga." Utotoni nilidhani majini ni wale majini wa mapangoni.

Kabla ya tovuti yoyote nilianza na shangazi. Ana miaka sabini na ushee na anakumbuka kila kitu isipokuwa tarehe. Nilifungua kinasa sauti cha simu, nikaiweka mezani nikaifunika na kitambaa, maana akiiona anaanza kuongea kama mtangazaji wa redio. Mambo mawili niliyojifunza kwa kukosea:

Kwanza, usiulize "huyu ni ndugu yako?" Kwetu kila mtu ni ndugu. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, mtoto wa mama mkubwa ni dada. Nilishachora mti wenye watoto kumi na mmoja wa mama mmoja, kumbe ni wa nyumba tatu tofauti. Uliza: "Ni wa tumbo moja?" Halafu uliza: "Baba yao ni yuleyule?" Maswali mawili hayo yalinifanya nifute nusu ya mti.

Pili, usiulize mwaka, uliza jambo. Shangazi hajui baba yangu alizaliwa mwaka gani. Lakini anajua alikuwa anatambaa Uhuru ulipopatikana, kwa hiyo ni 1961 au karibu na hapo. Bibi alifariki "watu wanahamishwa kwenda vijijini", yaani Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 70. Mtoto mwingine wa ukoo alizaliwa "wiki Sokoine alipokufa". Hiyo ni Aprili 1984, unaweza kuiandika bila wasiwasi.

Naendelea kesho na zana zenyewe.

Binti Pangani:

Nimekaa mkao wa kula. Hilo la tumbo moja umelimaliza. Kwetu mama yangu aliwahi kuniambia fulani ni mjomba, nimekuja kujua nina miaka thelathini kwamba alikuwa rafiki wa babu waliochanjiana.

Mchimba Mizizi:

Haya tuendelee.

Zana ya kwanza niliyotumia ni FamilySearch. Ni ya bure kabisa, unafungua akaunti unaanza. Inaendeshwa na kanisa la Wamormoni, makao yake Utah, Marekani, na kazi ya kukusanya kumbukumbu za vizazi wameianza tangu 1894. Walizunguka dunia wakipiga picha vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, sasa vingi vimewekwa mtandaoni. Usitarajie kukuta humo kitabu cha parokia ya kwenu Kasulu. Mimi sikukuta kitu. Kilichonifaa ni kwamba unaweza kupakia picha, hadithi na sauti, ukazibandika kwenye jina la marehemu. Binamu yangu aliyeko Kigoma akifungua anamsikia shangazi wa Korogwe akiongea.

Jambo la kujua: mti wa FamilySearch ni mmoja kwa dunia nzima. Siyo mti wako. Marehemu ukishamwingiza, mtu mwingine yeyote anaweza kumhariri. Nililala babu ana watoto saba, nikaamka ana wanane, na huyo wa nane kazaliwa kabla ya babu. Kumbe kuna mtu kaunganisha watu wawili wenye majina yanayokaribiana. Niliirekebisha, nikaandika sababu. Walio hai wamefichwa, anayewaona ni aliyewaingiza.

Zana ya pili ni Gramps. Hii unapakua kwenye kompyuta, ni programu huria, haihitaji intaneti ukishaiweka. Sura yake haivutii, na siku ya kwanza utaichukia. Lakini inakubali mzee mwenye wake wanne bila kushangaa, inakubali tarehe kama "kabla ya 1950" au "kati ya 1973 na 1976", na kila jambo unaliandikia nani amesema. Hicho cha mwisho nakiona muhimu kuliko vyote. Shangazi anasema hivi, baba mkubwa anasema vile, naandika yote mawili. Sifuti ya mtu.

WikiTree nayo ni ya bure, ila wao ni wakali sana kwa ushahidi. Niliingia, nikatoka.

Mti wowote utakaoutengeneza, hakikisha unaweza kuutoa kama faili la GEDCOM. Ndilo faili ambalo karibu programu zote za ukoo zinalisoma. Tovuti ikianza kudai hela, unabeba mti wako unahama.

Abu Sharifa:

Mkuu, asante kwa maelezo, ila hapo kwa Wamormoni umepita haraka mno. Hawa wana ibada ya kuwabatiza waliokufa. Mimi babu zangu ni Waislamu wa Kilwa tangu enzi na enzi. Niwapeleke majina wakabatizwe huko Utah?

Mchimba Mizizi:

Upo sahihi, na nilipaswa kulisema mwanzo. Ibada hiyo wanayo kweli, ni imani yao kwamba mtu aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba ya marehemu. Kanuni yao inamtaka muumini apeleke majina ya jamaa zake mwenyewe, lakini jina likishakuwa kwenye mti wa wote, wewe huna ufunguo wa huo mlango. Familia yangu walikaa wakajadili. Wakristo wetu walisema haituhusu, upande wa bibi ambao ni Waislamu walikataa. Kwa hiyo FamilySearch nimeweka upande mmoja tu. Upande wa bibi uko kwenye Gramps na kikundi cha WhatsApp, na utabaki huko.

Kwa mtu kama wewe nakushauri uanze na Gramps moja kwa moja.

Abu Sharifa:

Hapo tumeelewana. Sisi afadhali kuna "bin". Fulani bin fulani bin fulani, shajara ya ukoo imeandikwa kwa mkono nyuma ya kitabu, vizazi tisa. Wanawake ndio hawamo. Vizazi tisa na hakuna mama hata mmoja, utadhani tuliota kama uyoga.

Binti Pangani:

😂😂 Uyoga! Sasa kaulize bibi zako, Abu Sharifa, maana wewe ndiye wa kulijaza hilo pengo.

Mjukuu wa Mpagazi:

Wakuu, mimi naulizia Vita ya Kwanza. Baba wa babu yangu alibebeshwa mizigo ya Waingereza, hakurudi. Nimemtafuta kwenye tovuti ya makaburi ya vita sijamwona.

Mchimba Mizizi:

Pole mkuu. Tovuti unayoisema ni ya CWGC, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta jina ni bure. Lakini kwa wapagazi wa Vita ya Kwanza jiandae kutokuta kitu. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mzungu alipata kaburi na jina lake. Mpagazi akapata sanamu ya pamoja. Ile ya Askari pale Posta ni ya 1927, umeshapita hapo mara ngapi? Haina jina la mtu. Hata Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, limepita kwenye ndimi zetu likawa soko.

Kwako wewe ushahidi utakuwa mdomo wa wazee. Andika ulichonacho na uandike nani alikwambia.

Vita ya Pili hali ni nafuu, na hapo ndipo nilipompata yule kaka yake babu. Au tuseme, nadhani nimempata.

Mchimba Mizizi:

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuifikia.

Nilitafuta jina la babu mkubwa kwenye tovuti ya CWGC kwa miezi, sikupata. Nilijaribu kwa R, nikajaribu kwa L, nikaweka N mwanzoni, nikaitoa. Karani wa jeshi alikuwa anaandika anachosikia, na anachosikia Mwingereza kwenye jina la Kiha ni mambo ya kusikitisha.

Siku moja nikaacha jina. Nikarudi kwenye sentensi ya nyumbani: majini, mizinga. Nikatafuta meli za jeshi zilizozama na askari wa Afrika Mashariki. Ikaja moja, SS Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, ndani ikiwa na watu 1,511. Kundi kubwa lilikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301, na walikuwamo manesi pia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa 1,297.

Nilikuwa kwenye daladala nikisoma hayo, nikapitiliza kituo.

Basi nikarudi CWGC, safari hii sikuandika jina. Niliweka tarehe ya kifo tu, 12 Februari 1944, nikachuja kwa kikosi cha East African Artillery. Orodha ikashuka. Tovuti inakuruhusu kuipakua kama jedwali, nikaifungua kwenye laptopu ya ofisi baada ya kazi nikaanza kusoma jina moja moja kwa sauti. Kwa sauti, wakuu, hiyo ndiyo siri. Jina lililoandikwa na karani halitambuliki kwa macho, unalitambua ukilitamka. Usiku wa pili nikatamka moja nikanyamaza.

Jina silitaji hapa. Halijaandikwa kama sisi tunavyoliandika, herufi tatu ni tofauti. Rekodi nyingine kwenye orodha zina jina la baba au wilaya, yake haina. Kwa hiyo nina tarehe, nina mizinga, nina maji, nina jina linalolia vilevile. Sina zaidi.

Mzee wa Mahakama:

Kijana, kazi nzuri, lakini mbele ya hakimu hiyo haisimami. Jina linalofanana linaweza kuwa la watu ishirini.

Mchimba Mizizi:

Shikamoo mzee. Ni kweli, na ndiyo maana kwenye Gramps nimeandika "huenda". Nilimpigia baba mkubwa wa Kasulu, yeye ni mtoto wa dada yake babu, ana zaidi ya miaka themanini. Nikamtumia mwanawe ujumbe wa sauti nikilitamka lile jina kama karani alivyoliandika. Alipolisikia alicheka kwanza. Akasema, "Mzungu kamtafuna mjomba." Halafu akakaa kimya, mwanawe akadhani simu imekatika.

Mzee wa Mahakama:

Marahaba. Basi mimi sina la kuongeza.

Mama Kilema:

Naomba niongezee kwa wale wa Kilimanjaro na kwingine walikofika wamisionari mapema. Chuo Kikuu cha Southern California kina hazina ya picha za misheni, unaangalia bure. Humo kuna za Wamisionari wa Leipzig waliokaa Uchaggani, na za Wamoravian waliokaa Unyamwezi na Unyakyusa. Frankfurt nako maktaba ya chuo kikuu imeweka mtandaoni picha za chama cha wakoloni wa Kijerumani, makumi ya maelfu. Maelezo ni ya Kijerumani, unayapitisha kwenye programu ya kutafsiri.

Ila tayarisha moyo. Mzungu aliye pembeni ya picha ameandikwa jina, cheo na alikotoka. Wengine wote ni "mwanamke wa Kichagga", "wanafunzi", "chifu na watu wake". Nilikuta picha ya kijiji chetu, nikaipeleka kwa bibi yangu mzaa mama. Watu hakuwajua, ni wa kabla yake. Lakini mfereji aliujua. Alisema, "Huu ni mfereji wetu, jiwe hilo hapo tulikuwa tunafulia." Nimeandika hivyo hivyo nyuma ya nakala.

Mchimba Mizizi:

Mama Kilema, hilo jiwe limenigusa kuliko mti wangu wote.

Na mimi niongeze moja la ardhi. Kasulu nilipokwenda nilitaka kuona mahame ya kwetu. Mji wa zamani uliachwa watu walipohamishiwa kijijini, na makaburi yakabaki kule. Hakuna njia tena. Nilifungua picha za setilaiti kwenye Google Earth, nikakaa na baba mkubwa, mwanawe akimsomea vilima na vijito. Aliuliza kama kuna mkuyu peke yake juu ya kilima. Upo. Tukaenda kwa miguu tukifuata simu, tukaukuta. Niliweka pini pale, nikaituma kwenye kikundi, nikapakia na picha za mawe ya makaburi.

Kosa langu lilikuwa hapo. Asubuhi yake simu mbili kutoka Kasulu: "Huyo wa Tanga anapima mashamba yetu?" Mtu katokea baada ya miaka sabini, anapiga picha, anaweka alama kwenye ramani. Wana haki ya kushtuka. Nilifuta pini kwenye kikundi, nikawapigia wazee mmoja mmoja. Sasa pini ninayo mimi na baba mkubwa. Mkienda vijijini na simu zenu, semeni kwanza mnatafuta makaburi, na mseme kwamba shamba hamlitaki. Mseme hadharani, chai ikiwepo.

Kijana wa Mbezi:

Vipi kipimo cha DNA? Si ndio kingekumalizia ubishi?

Mchimba Mizizi:

Siyo cha bure, na uzi huu ni wa bure 😀. Halafu kipimo kitanipa asilimia na ramani, hakitanipa jina la mtu aliyezama. Na kwenye koo zetu kuna watoto waliolelewa wakaitwa watoto. Sitaki mashine iwafukuze.

Otieno wa Ngong Road:

Wadau, mimi ni jirani yenu Nairobi, huwa nasoma tu. Mchimba, majina ya wale wa mizinga wa Khedive Ismail yamewekwa kwenye East Africa Memorial, mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya Nairobi War Cemetery, hapa kwetu Ngong Road. Ni karibu na mahali naishi. Nitumie jina inboksi, wikendi naenda nakupigia picha.

Mchimba Mizizi:

Ndugu yangu Otieno, nimekutumia. Nauli nitarudisha.

Otieno wa Ngong Road:

Wacha nauli, naenda na miguu.

Otieno wa Ngong Road:

Nimefika. Mahali ni patulivu sana, nyasi zimekatwa vizuri, miti mikubwa, sikuwa najua kuna kitu kama hiki na nimepita hapo nje miaka kumi. Nilitafuta kama nusu saa, askari wa lango akanisaidia. Jina liko, limeandikwa vile ulinitumia. Picha tatu nimekutumia: ya jina karibu, ya ubao wote, na ya mnara kutoka kwa lango. Niliguza jina kwa niaba yenu, natumai si vibaya.

Mchimba Mizizi:

Si vibaya. Sijui hata niandike nini, Otieno. Asante.

Nimezituma kwenye kikundi. Shangazi amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, dakika tatu ni kilio. Baba mkubwa haoni vizuri siku hizi, mwanawe amemweleza picha kwa maneno: nyasi, miti, ukuta, jina. Amesikiliza yote. Halafu akauliza swali moja, nami sikuwa na jibu, ikabidi nirudi kwako. Anauliza huo ubao umetazama upande gani. Anataka kujua kama umetazama kwetu.

Otieno wa Ngong Road:

Sikuangalia. Jumamosi narudi na dira ya simu.